Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu na matibabu ya meno: kwa nini madaktari wa meno tunasita

Mleta uzi (daktari wa meno)

Habari zenu, wanajukwaa.

Mimi ni daktari wa meno hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni watoto. Naleta uzi huu kwa sababu malalamiko ya wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa moyo, saratani, hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), figo, kifafa na kisukari yanafanana sana: wakifika kliniki ya meno na kutaja ugonjwa wa mtoto, wanakabidhiwa karatasi ya rufaa kabla mtoto hajafungua mdomo. Kliniki ya kwanza inawaelekeza ya pili, ya pili inawaelekeza hospitali kubwa, na huko wanapangiwa tarehe ya mbali huku mtoto akikesha na maumivu. Wazazi wana haki ya kukasirika. Hata hivyo, nimezungumza na wenzangu wengi wa fani hii, wa hospitali za umma na za binafsi, na siamini kwamba tatizo ni roho mbaya. Kinachotuzuia mara nyingi ni kutakiwa kumgusa mtoto ambaye hatuna taarifa zake, huku tukihofia kitakachotokea baada ya ganzi au baada ya kung'oa. Hofu hiyo haina mahali pa kuandikwa kwenye faili, kwa hiyo huandikwa kama rufaa.

Nianze na moyo, kwa kuwa ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa kuliko kwingine. Jino linapong'olewa, bakteria wa kinywani huingia kwenye damu kwa muda mfupi. Kwa mtoto mwenye hitilafu fulani za moyo, bakteria hao wanaweza kushika kwenye vali au kwenye utando wa ndani wa moyo na kuleta maambukizi yanayoweza kuua. Zamani karibu kila mtoto mwenye tatizo la moyo alipewa antibayotiki kabla ya matibabu ya meno. Mwaka 2007 chama cha moyo cha Marekani kilipunguza orodha hiyo ikabaki ya watoto walio hatarini zaidi: wenye vali bandia, waliowahi kupata maambukizi hayo, wenye hitilafu za kuzaliwa nazo zinazogeuza midomo kuwa ya buluu na ambazo hazijarekebishwa, waliorekebishwa kwa kiraka au kifaa ndani ya miezi 6 iliyopita, wale ambao bado damu inavuja karibu na kiraka, na waliopandikizwa moyo kisha wakapata tatizo la vali. Mwaka 2008 taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza ilikwenda mbali zaidi ikapendekeza dawa hiyo isitolewe, kisha mwaka 2016 ikafafanua kwamba haipaswi kutolewa kama utaratibu wa kawaida, na hivyo ikaacha nafasi ya daktari kuamua. Sasa fikirieni kliniki moja yenye madaktari watatu waliosoma katika vipindi vitatu tofauti. Mmoja atampa dawa kila mtoto mwenye moyo, mwingine hatampa yeyote, na wa tatu, akiona wenzake hawakubaliani, ataandika rufaa.

Hata aliyeusoma mwongozo vizuri bado anakwama, kwa sababu mwongozo unauliza mambo ambayo mzazi hawezi kuyajibu. Mama anasema, «Alikuwa na tundu kwenye moyo, alishafanyiwa upasuaji.» Mimi nahitaji kujua upasuaji ulifanyika lini, kama lilitumika kiraka au kifaa, na kama kipimo cha mwisho cha moyo kilionyesha kuna mahali panapovuja. Mtoto aliyezibwa tundu miaka mitatu iliyopita na hana uvujaji hahitaji dawa ya kinga kabisa. Ningeweza kumziba jino siku hiyohiyo. Mtoto aliyezibwa miezi miwili iliyopita anahitaji dozi moja ya amoksilini, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi. (Dozi hii huamuliwa na daktari, naomba mzazi asimpe mtoto dawa hii nyumbani kwa kusoma hapa.) Yupo pia mtoto mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, anayechomwa penisilini kila baada ya wiki 3 au 4. Ikiwa naye yumo katika kundi la hatari, kumpa amoksilini hakutoshi, kwani bakteria wa kinywani mwake huenda wameshazoea dawa za jamii hiyo, hivyo inatafutwa ya jamii nyingine. Taarifa zote hizi zipo, lakini zimebaki kwenye faili la kliniki ya moyo, na mtoto amenifikia na kadi iliyoandikwa tarehe ya kurudi tu.

Selimundu inatugusa zaidi kwa wingi wake. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa duniani, na Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wake kwa utaratibu wa kitafiti tangu 2004. Kwa hiyo daktari wa meno wa jiji hili anayesema hawaoni watoto hawa, ama hawaulizi ama hawaambiwi. Hofu yetu kubwa ni kwamba matibabu yataamsha maumivu makali ya ugonjwa wenyewe. Tunasahau kwamba jino lenye usaha ni maambukizi, na maambukizi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu hayo. Kumrudisha nyumbani mtoto mwenye jipu la jino kwa sababu ana selimundu ni kumwacha na hatari ileile tunayoiogopa.

Nieleze kitu kidogo ambacho wengi hawakitilii maanani. Vyumba vingi vya meno Dar vina kiyoyozi kinachounguruma tangu asubuhi, kwa sababu daktari amevaa gauni, barakoa na glavu, na joto la jiji hili mnalijua. Mtoto mwenye selimundu amesubiri kwenye foleni kuanzia saa moja, amekatazwa kunywa maji ili asitapike, kisha analazwa kwenye kiti akiwa na fulana nyepesi, upepo wa kiyoyozi ukimpiga kifuani na maji baridi ya mashine yakimrukia shingoni. Baridi, kiu, njaa na woga, vyote kwa pamoja, na vyote ni vichochezi vya maumivu yake. Hapo hakuna kinachohitaji shahada ya pili. Kiyoyozi kizimwe, mtoto afunikwe kanga ya mama yake, anywe maji kabla na baada, apewe nafasi ya kwanza asubuhi, na kazi iwe fupi. Jambo moja la kitaalamu ni lazima lisemwe: mtoto wa selimundu anaweza kuumwa taya kwa sababu ya mfupa wenyewe kukosa damu, na meno yote yakawa mazima. Asiyelijua hili atang'oa jino lisilo na kosa.

Hemofilia ni habari nyingine, na hapa hofu ni ya haki. Sindano ya ganzi ya kulaza upande mzima wa taya la chini inaweza kuvujisha damu ndani ya shingo na kubana njia ya hewa, hivyo haichomwi kabla mtoto hajapewa protini ya kugandisha damu inayomkosa. Mtoto huyo rufaa yake ni sahihi. Lakini hata kwake yako mambo tunayoweza kuyafanya bila kutoa tone la damu, nami nitayarudia hapa chini.

Kwa saratani, hasa saratani ya damu, suala ni muda. Kinywa kinatakiwa kukaguliwa na meno mabovu kushughulikiwa kabla dawa kali hazijaanza, na jino la kung'oa liwe limetoka walau siku 7 hadi 10 kabla. Dawa zikishaanza, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zikishuka chini ya 1,000 kwa kila mikrolita, matibabu yasiyo ya dharura huahirishwa. Ninachokiona mimi ni kwamba tunaitwa wakati mdomo umeshajaa vidonda na mtoto hali chakula. Wenzetu wa wodi za saratani nao wana sababu: mtoto amefika amechelewa, kila siku ina uzito, na jino huonekana jambo dogo.

Kuna vikwazo ambavyo havihusiani na elimu ya ugonjwa. Mtoto aliyezoea kuchomwa sindano tangu akiwa mchanga huingia chumbani kwangu akiwa ameshaamua kwamba kila aliyevaa koti jeupe atamuumiza. Kumtuliza kunachukua muda mrefu kuliko kuziba jino lenyewe. Malipo, yawe ya bima au ya mfukoni, huhesabiwa kwa jino lililozibwa au kung'olewa. Hakuna malipo ya kupiga simu kliniki ya moyo, ya kusubiri majibu ya damu, wala ya kukaa na mtoto hadi atulie. Mwenye kliniki binafsi analipa kodi ya pango na umeme, na anajua kwamba kwa muda wa mtoto mmoja wa namna hii angehudumia watoto watatu wasio na maradhi. Silitaji hili kama utetezi, nalitaja kwa sababu lipo na halizungumzwi.

Jambo la mwisho katika maelezo haya ya mwanzo ni sukari. Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari, na hutolewa usiku mtoto akiwa ameshapiga mswaki, au hajapiga kabisa. Nyumbani nako mtoto mgonjwa hanyimwi kitu: akilia apewe biskuti, akirudi kliniki apewe soda. Ninaelewa moyo wa mzazi anayefanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba watoto ambao ni vigumu zaidi kuwatibu ndio wanaooza meno kwa wingi, na daktari wa meno anakutana nao kwa mara ya kwanza wakati kilichobaki ni kung'oa.

Karibuni kwa maoni, hasa wazazi na watumishi wa afya.

Mama wa Kimara

Daktari, ahsante kwa kuandika. Mwanangu wa kike ana selimundu na ana miaka tisa. Naomba niseme jambo ambalo huenda hamlijui. Sisi wazazi tukiwa kwenye benchi la kliniki tunaambizana: ukienda kwa daktari wa meno, usitaje ugonjwa. Tumeona kwamba ukitaja, hutibiwi. Usipotaja, mtoto anang'olewa jino na mnarudi nyumbani. Nilipotaja, niliambiwa niende na barua ya daktari wake. Nikaifuata barua, foleni ya siku nzima, nikairudisha, nikaambiwa haijitoshelezi. Mtoto alikuwa hawezi kutafuna na shule alikuwa haendi. Mnatutaka tuseme ukweli, lakini ukweli huo ndio unaotufungia mlango.

Mleta uzi

Mama, pole sana wewe na binti. Ulichoandika ni kizito kuliko yote niliyoandika mimi, kwa sababu kinaonyesha kwamba kusita kwetu kunaongeza hatari badala ya kuipunguza. Daktari anayemrudisha mtoto aliyetajwa ugonjwa wake anadhani amejikinga, kumbe wiki hiyohiyo amemng'oa jino mtoto mwingine mwenye ugonjwa huohuo bila kujua, akiwa hana maji wala blanketi wala kumbukumbu ya kiwango cha damu yake. Kwa mtoto wa selimundu mara nyingi utavuka salama. Kwa mwenye hemofilia, kuficha kunaweza kugharimu uhai. Nakuomba uendelee kutaja, na ukikataliwa uulize swali hili: «Daktari, ni taarifa gani hasa unayoihitaji ili umtibu?» Akiitaja, andika kama alivyosema na umpelekee daktari wa kliniki yake. Kama hawezi kuitaja, mwombe hapohapo akuelekeze kwa daktari anayeweza kumtibu, mwenye jina na siku ya kliniki yake, usiondoke na jina la hospitali peke yake.

Daktari wa watoto

Mkuu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini upande wetu nao usikilizwe. Barua zinazotufikia kutoka kwenye kliniki za meno karibu zote zinaomba kitu kimoja: tuthibitishe kwamba mtoto «yuko fiti kwa matibabu ya meno». Barua ya namna hiyo haina swali ndani yake. Fiti kwa kuziba jino moja kwa ganzi kidogo, au fiti kwa kung'olewa meno sita chini ya nusu kaputi? Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Nikiandika ndiyo, nimebeba lawama ya kazi nisiyoijua. Nikiandika hapana, nimemnyima mtoto huduma. Kwa hiyo wengi wetu tunaandika sentensi isiyosema lolote, na mama anarudi na karatasi ambayo kweli haijitoshelezi. Nadhani baadhi ya barua hizi hutafuta mtu wa kugawana naye lawama kuliko kutafuta taarifa.

Niongeze kwamba na sisi hatuangalii meno. Tunampima mtoto uzito, wengu, ini, tunasikiliza moyo, tunamwambia atoe ulimi tuone koo, na macho yetu yanayapita meno yaliyooza bila kusimama. Mtoto anahudhuria kliniki yetu kila baada ya mwezi au miezi mitatu kwa miaka, na hakuna anayemwuliza mzazi kama mtoto anapiga mswaki. Hilo linaweza kubadilika bila bajeti.

Tabibu wa meno, Mbagala

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Anayoyasema ni kweli kwa hospitali kubwa, lakini kwa sisi wa vituo vya pembezoni rufaa si hofu iliyovaa nguo nyingine. Ni hali halisi. Nina kiti, taa, koleo, ganzi na mtungi wa oksijeni ambao mara nyingine uko wodi ya wazazi, na ndiko unakostahili kuwa. Maabara yetu inapima wingi wa damu. Kipimo cha ugandaji wa damu hatuna. Mtoto mwenye midomo ya buluu akibadilika kwenye kiti changu, gari la wagonjwa litapita barabara ya Kilwa saa ya foleni. Mtu asiseme kwamba nikimpeleka mbele nimeogopa tu.

Pia kuna hili la meno ya plastiki, ambalo wakubwa hawalioni kwa sababu wanaletewa matokeo yake tu. Mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha hupelekwa kwa mtu mtaani, anachimbuliwa vichipukizi vya meno ya chonge kwenye fizi, kwa imani kwamba hayo ndiyo yanayomuua. Baadhi ya watoto hao huwa na ugonjwa wa kudumu ambao haujagunduliwa. Nilishaletewa kichanga ambaye damu haikukatika tangu jana yake. Huyo ugonjwa wake ulikuja kujulikana kwa njia hiyo.

Mleta uzi

Mtaalamu mwenzangu, umenirekebisha na nakubali. Nilipaswa kutenganisha rufaa ya mtu asiye na vifaa na rufaa ya mtu mwenye vifaa vyote anayekwepa. Ya kwako ni tiba. Ninachokiomba kwa kituo kama chako ni kwamba mtoto asiondoke mikono mitupu, kwa sababu kabla ya rufaa kuna mengi yanayowezekana pasipo sindano wala damu.

Hapa nirudie nilichoahidi. Mbinu ya kusafisha jino lililotoboka kwa vifaa vya mkono, bila mashine na mara nyingi bila ganzi, kisha kuliziba kwa saruji inayotoa floraidi, ilianzia hapahapa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa huduma za jamii wa shule ya meno, akiwamo Mholanzi Jo Frencken. Leo inafundishwa duniani kote. Kuna pia dawa ya matone yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa kwenye tundu la jino ili kusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba huliacha jino jeusi, na mzazi lazima aelezwe kabla. Kwa mtoto wa hemofilia, wa saratani ambaye chembe zake zimeshuka, au wa moyo anayesubiri upasuaji, jino jeusi lisilouma ni bora kuliko jino jeupe linalongoja kutengeneza jipu. Ni huduma ya dakika chache, haihitaji oksijeni, na inaweza kufanyika Mbagala. Nashangaa kwamba sisi tuliotoa mbinu moja kati ya hizi kwa ulimwengu bado tunamjibu mtoto mgonjwa kwa mambo mawili tu, kung'oa au kumpa rufaa.

Kuhusu kichanga uliyemtaja: kila daktari anayeona makovu ya meno ya plastiki kwa mtoto aliyevuja damu kupita kiasi anapaswa kuulizia historia ya damu katika ukoo wa mama, kwa kuwa hemofilia kwa kawaida huwapata wana wa kiume kupitia kwa mama zao.

Muuguzi wa usingizi

Naongeza upande wa chumba cha upasuaji, kwa sababu rufaa nyingi mnazozitaja huishia kwetu. Mtoto ambaye hawezi kukaa kwenye kiti, mwenye meno mengi mabovu, anahitaji nusu kaputi ili yote yamalizwe kwa mara moja. Lakini ratiba ya chumba inagawanywa kati ya wajawazito wanaohitaji kupasuliwa, ajali za bodaboda, matumbo yaliyojikunja, na kadhalika. Jino likiwekwa kwenye orodha hiyo hushuka chini kila dharura inapoingia, na haina budi kuwa hivyo. Kwa mtoto wa moyo wa buluu hatumlazi bila mtaalamu wa usingizi aliyezoea mioyo ya watoto, na wataalamu hao ni wachache mno. Kwa hiyo tarehe inakuwa ya mbali, na ikifika mtoto ana mafua, tunaahirisha tena.

Naliona jambo moja ambalo lingesaidia. Watoto hawa hulazwa usingizi kwa sababu nyingine: kuwekewa mrija wa dawa za saratani, kuchukuliwa uboho, kupimwa moyo kwa kupitisha mrija. Kama daktari wa meno angejulishwa mapema, baadhi ya meno yangemalizwa katika usingizi uleule. Najua haiwezekani kila mara, kwani timu mbili lazima zikubaliane nani anaanza na nani anangoja, na kung'oa jino siku moja na kuweka mrija kwenye mshipa kuna mjadala wake wa maambukizi. Hata hivyo, hatujawahi hata kuulizana.

Baba mwenye swali

Shikamooni wakubwa wangu. Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja ana kisukari cha kuchoma insulini. Ana jino linalotakiwa kung'olewa. Kliniki moja iliniambia nimlete asubuhi akiwa hajala. Mama yake amekataa. Nani yuko sahihi?

Mleta uzi

Marahaba, mzee mwenzangu. Mama yake yuko sahihi. Kung'oa jino kwa ganzi ya kawaida hakuhitaji kufunga. Mtoto anayechoma insulini akikaa na njaa kwenye foleni, sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu, na watu wakadhani ni woga wa sindano. Apate chai na chakula chake cha kawaida, achome insulini yake kama alivyoelekezwa na kliniki yake, na mfike mapema ili atibiwe asubuhi. Bebeni kipimo cha sukari na kitu kitamu cha dharura. Mpimeni kabla hajaketi kwenye kiti. Ikiwa iko chini au juu sana, kazi isubiri hadi irekebishwe. Fikirieni pia mlo wa baadaye: ganzi itamzuia kutafuna kwa saa kadhaa, kwa hiyo andaeni uji au mtori, maana insulini aliyochoma haitangoja ganzi iishe. Kufunga kunahitajika ikiwa atalazwa kwa nusu kaputi, na hapo mpango wa insulini lazima upangwe na daktari wake kabla ya siku yenyewe.

Daktari wa watoto

Jibu zuri. Nirudi kwenye barua, kwani naona ndipo mambo mengi yanapokwama. Mkuu, ungependa niandike nini, ili mama wa Kimara asizungushwe tena?

Mleta uzi

Nitaanza na wajibu wetu, kwa kuwa barua ya kwanza huwa yetu. Tukiandika kwenu tunapaswa kutaja meno mangapi yatafanyiwa nini, kama ni kuziba au kung'oa, kama damu itatoka, ganzi gani itatumika, na kazi itachukua muda gani. Kisha tuulize swali moja au mawili yanayojibika.

Ninyi mkiandika kwetu, kwa mtoto wa moyo nitajieni jina la hitilafu, tarehe ya upasuaji, kama kuna kiraka, kifaa au vali bandia, kama kuna uvujaji uliobaki, na kama anatumia dawa za kuyeyusha damu. Kwa selimundu, kiwango cha damu anachoishi nacho siku zote, maana damu ya 7 inaweza kuwa ndiyo kawaida yake na mimi nikaiona nikaahirisha bure. Mara ya mwisho kulazwa. Kama anatumia haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Kwa saratani, yuko wapi katika mzunguko wa dawa, na wiki ipi chembe zake zinatarajiwa kupanda. Kwa figo, dawa zipi za maumivu amekatazwa, na kama anasafishwa damu, ni siku zipi, ili nimwone siku inayofuata, dawa ya kuzuia damu kuganda ikiwa imeisha mwilini. Kwa kifafa, jina la dawa na degedege la mwisho lilikuwa lini. Dawa ya fenitoini hunenepesha fizi hadi zikafunika meno, na nikilijua hilo sitahangaika kutafuta chanzo kingine. Ziwe sentensi nne au tano tu, zibandikwe kwenye daftari la kliniki la mtoto ili zitumike kwa kila daktari atakayemwona, na tarehe ya kuandikwa iwepo kwa sababu hali hubadilika.

Nina ombi kubwa zaidi ya barua. Siku mtoto anapogunduliwa ugonjwa, kabla ya dawa ya kwanza na kabla jino halijauma, mleteni. Sitamchoma. Nitamhesabu meno, nitampaka floraidi, nitamfundisha mama yake namna ya kumpa dawa ya maji kabla ya mswaki badala ya baada, na mtoto atanifahamu wakati ambapo hakuna maumivu kati yetu. Kliniki ya selimundu au ya moyo ikitenga nusu siku kwa mwezi na tabibu mmoja wa meno akakaa hapo na kioo chake na taa, watoto wengi hawatafikia chumba cha upasuaji cha ndugu yetu muuguzi wa usingizi. Mimi niko tayari kuja. Taja siku ya kliniki yako.

Daktari wa watoto

Ni Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi. Chumba cha ushauri huwa wazi hadi saa sita. Sina kiti cha meno, nina kitanda cha kupimia na dirisha lenye mwanga wa kutosha. Nitamweleza mkuu wa idara kwanza kisha nikutumie ujumbe wa faragha.

Mama wa Kimara

Nami niulize: ni kwa watoto wa kliniki hiyo tu, au hata sisi wa kliniki nyingine tunaweza kuja?

Mleta uzi

Mama, njoo na binti na daftari lake. Mpe maji njiani, na mchukulie sweta.